Mkono Uliounganishwa Kano: Mwongozo kwa Mgonjwa na Familia

Kano ya kiwiko

Kano hushikiza msuli kwenye mfupa. Ile iliyo mbele ya kiwiko husaidia kukunja mkono na kugeuza kiganja kitazame juu, kama mtu anapokaza skrubu au kukamua nguo. Hukatika zaidi kwa wanaume wa makamo, pale mzigo mzito unapouvuta ghafla mkono uliokunjwa: gunia limeponyoka, ukalidaka. Wavuta sigara wako hatarini zaidi. Daktari hupasua na kuishikiza kano tena mfupani, na kazi huwa rahisi ikifanyika ndani ya wiki 2 au 3, kabla kano haijajivuta juu.

Maumivu huisha kabla kano haijashika

Wiki ya 4 baada ya upasuaji mgonjwa anaweza kujiona mzima, akanyanyua ndoo ya maji, na kano ikaachia. Msiende kwa maumivu, nendeni kwa ratiba. Hospitali ikiwapa tofauti na hii, fuateni yake.

- Wiki 2 za mwanzo: Mkono ukae kwenye banzi au uning'inizwe kwa kitambaa shingoni. Kidonda kisilowe. Vidole vikunjwe na kunyooshwa mara nyingi kwa siku. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na 14.
- Wiki ya 3 hadi ya 6: Mazoezi mepesi, kama alivyoelekeza mtaalamu wa fiziotherapia. Mkono huo usibebe kitu kinachozidi kikombe cha chai. Kusonga ugali, kufua na kubeba mtoto afanye mwingine.
- Wiki ya 7 hadi ya 12: Kazi nyepesi. Uzito huongezwa kidogo kidogo, kwa ruhusa.
- Mwezi wa 4 hadi wa 6: Kulima, kubeba mizigo au zege, baada ya daktari kupima nguvu za mkono.

Msiuchue mkono wala kuuvuta kwa nguvu ili unyooke.

Matokeo ya kutarajia

Wengi hurudia kazi zao wakiwa na nguvu zinazokaribia za awali. Ganzi upande wa nje wa mkono, chini ya kiwiko, hutokea mara kwa mara. Kwa kawaida hupungua yenyewe katika wiki au miezi. Kano kukatika tena ni nadra. Asiyepasuliwa anaweza kuendelea na maisha, ila nguvu ya kugeuza kiganja hupungua sana, na fundi wa bisibisi huliona hilo kila siku.

Rudini hospitali upesi mkiona:

- homa, usaha, au wekundu unaosambaa;
- vidole vya baridi au vilivyobadilika rangi;
- maumivu yanayozidi licha ya dawa;
- dole gumba au vidole vimeshindwa kunyooka;
- kiwiko kimelia ghafla na msuli umejikusanya juu.

Kiganja kikizidi kuwa kigumu kugeuka miezi michache baadaye, mwelezeni daktari: huenda mfupa umeota pasipotakiwa.