Kiziwi Aitwe Tangu Skripti

Ukiwa na hadithi yenye mhusika kiziwi, mtafute kiziwi aigize. Mwigizaji anayesikia anaweza kukariri alama za skripti nzima, lakini mtazamaji kiziwi atamgundua mara moja, kama sisi tunavyomgundua mtu anayesoma Kiswahili asichokielewa. Lugha ya alama haiko mikononi tu. Nyusi, mdomo, mabega na mwelekeo wa macho ni sehemu ya sarufi yake, na hayo hayafundishwi kwa wiki mbili za mazoezi.

Mwaka 2014 Wafaransa walitoa La Famille Bélier, filamu ya msichana anayesikia katika familia ya viziwi. Baba na mama waliigizwa na watu wanaosikia, na viziwi wengi hawakufurahi. Wamarekani walipoirudia hadithi hiyo kwa jina la CODA, iliyotoka 2021, wenye fedha walitaka tena nyota anayesikia achukue nafasi ya baba. Marlee Matlin, kiziwi aliyepata Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1987, alikuwa ameshapewa nafasi ya mama. Akasema wakifanya hivyo, yeye anajitoa. Nafasi ikaenda kwa Troy Kotsur, na mwaka 2022 akawa mwanamume kiziwi wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji. Filamu yenyewe ikachukua tuzo ya filamu bora.

Lisilosimuliwa sana ni kwamba mwongozaji, Sian Heder, alikuwa na washauri viziwi, Alexandria Wailes na Anne Tomasetti. Waligusa hata samani. Sebule ilikuwa imepangwa kama sebule yoyote, wao wakasema nyumba ya viziwi haipangwi hivyo: viti hukaa ili watu waonane, na hakuna anayependa kuupa mlango mgongo wakati hawezi kusikia mtu akiingia. Mwongozaji anayesikia asingeliona hilo, hata awe na nia njema kiasi gani.

Kwa hiyo mlete mshauri kiziwi wakati skripti inaandikwa, umlipe, na umpe mamlaka ya kusema tukio lirudiwe. Mazungumzo yaliyoandikwa kwa Kiswahili hayawezi kuhamishwa neno kwa neno, kwa sababu lugha ya alama ina mpangilio wake. Mshauri na waigizaji wanahitaji muda wa kuitafuta alama inayomfaa mhusika: mvuvi mzee haongei kama mwanafunzi wa chuo. Na ujue alama za Tanzania na za Kenya si zile zile. Usimvushe mshauri mpaka ukidhani kazi ni moja.

Sasa kamera. Hapa ndipo filamu nyingi zinapoharibika, na ndipo ningemtaka mpiga picha asome mara mbili. Picha ya karibu ya uso, ile tunayoipenda kwa machozi, humkata kiziwi maneno. Fremu ianzie kiunoni na iache nafasi pande zote mbili ili mikono isitoke nje. Ukipiga juu ya bega la mwigizaji mwingine, hakikisha bega hilo halifuniki mkono unaoongea. Mwanga uangukie uso na mikono pamoja. Vazi liwe la rangi moja inayotofautiana na ngozi. Kitenge chenye maua mengi kinaficha vidole. Tukio la gizani halikatazwi, ila lazima kuwe na sababu ya mwanga, iwe taa ya chemli au mbalamwezi.

Kisha mhariri. Asiyejua lugha ya alama atakata katikati ya sentensi ili aonyeshe uso wa anayesikiliza, bila kujua kwamba amemnyamazisha msemaji. Mweke kiziwi pembeni yake wakati wa kukata, si baada ya kazi kukamilika.

Kwenye seti, ajiri wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 au 30, maana akili huchoka na tafsiri hulegea. Mkalimani asimame karibu na mwongozaji, mahali penye mwanga, na awepo hata wakati wa chakula. Maamuzi mengi ya siku hufanyika pale. Unapozungumza, mtazame kiziwi, usimtazame mkalimani. Badala ya kupiga kelele ya "eksheni", kubalianeni ishara ya mkono au taa, na mpangie mtu wa kumwonyesha dharura ikitokea. Ratiba na mabadiliko yake yatumwe kwa maandishi mafupi au kwa video ya alama, kwani si kila kiziwi amepata shule ya kutosha kusoma Kiswahili kirefu.

Televisheni nayo ina deni. Kenya iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge katika Katiba ya 2010, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 ilivitaka vituo viweke mkalimani au manukuu kwenye taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Lakini mkalimani aliyebanwa kwenye kisanduku kidogo cha pembeni, huku maandishi yanayopita yakimfunika viganja, hajamsaidia mtu. Mpe nafasi ambayo vidole vyake vitaonekana hata kwenye runinga ndogo ya kibandani.

Na kiziwi asiitwe kuigiza tu. Kushika kamera, kuhariri, kushona mavazi, kupaka vipodozi, kuandika: hakuna hata moja kati ya hizo inayodai masikio. Ukiwa Tanzania, pa kuanzia kuwatafuta ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Gharama ya wakalimani iandikwe kwenye bajeti ya kwanza kabisa, pamoja na ya manukuu, kwa sababu fedha zikianza kupungua hayo ndiyo hukatwa. Manukuu yataje pia sauti zinazobeba hadithi, kama mlango kugongwa au risasi kulia nje, na yawepo tangu siku ya uzinduzi, waigizaji viziwi wakiwa ukumbini.