Kuchagua Keki ya Arusi

Somo kwa wachumba, wazazi na wasimamizi

Soma kwanza: Yohana 2:1–11, Luka 14:28–30, 1 Wakorintho 11:20–22

Huenda mtashangaa kuona keki imeingia katika ukurasa wa mafundisho. Lakini wachumba wanapokuja kuandikisha ndoa, neno linalofuata baada ya pete ni keki: iwe ya ghorofa ngapi, ya duara au ya moyo, ije na boti kutoka bara au ipikwe hapa hapa. Mara nyingine neno hilo ndilo linalowagombanisha wazazi wa pande mbili. Basi na tulitazame.

Kwanza tujue ya kuwa ibada ya ndoa haina keki ndani yake. Ina ahadi mbele ya Mungu na watu, ina pete, ina baraka. Keki ilitufikia kutoka Ulaya, na huko nako ilifuata mfuko na nyakati. Mwaka 1940, wakati wa vita, serikali ya Uingereza ilikataza kupaka keki sukari nyeupe. Maarusi wengi wakaazima kifuniko cha karatasi ngumu chenye umbo la keki kubwa, na chini yake wakaweka keki ndogo ya kawaida. Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia, alipoolewa tarehe 20 Novemba 1947, keki yake ilikuwa na ghorofa nne na kimo cha futi 9 hivi. Lakini sukari ilikuwa bado ya mgao, hata vitu vya kuipikia vikatumwa na wasichana wa Girl Guides wa Australia. Wa karatasi na wa futi 9, ndoa yao ilikuwa moja.

Sasa tuende Kana. Yohana hatuambii meza ilipambwaje. Anatuambia kuwa kinywaji kilipungua, na kwamba mitungi sita ya mawe ilijazwa hata juu. Ukipiga hesabu ya vipimo vyao, ni zaidi ya lita 400. Bwana aliiondoa aibu ya nyumba ile kwa kuwatosheleza wageni. Hapo ndipo pa kuanzia mtu anayechagua keki: aulize nani wataila, kabla hajauliza itaonekanaje.

Hapa Kiegeani, kama Mafia nzima, jirani zetu walio wengi ni Waislamu. Ndio wanaotuazima masufuria na mikeka, ndio wanaokuna nazi pamoja nasi usiku wa kuamkia arusi. Keki ya Kiingereza ya matunda hulowekwa katika pombe kali ili ikae siku nyingi. Ukiileta, jirani hatakuuliza kitu. Atakipokea kipande kwa adabu, atakikunja katika karatasi na kukiacha chini ya kiti. Kwa hiyo mwambieni mpishi tangu siku ya kwanza: pasiwe na pombe wala mafuta ya nguruwe, na mapambo yasiwe na jelatini isiyojulikana ya mnyama gani. Kisha msema chochote wa arusi alitangaze jambo hilo waziwazi, ili mgeni ale bila shaka moyoni. (Wanaopenda kukata ndafu badala ya keki, kama wafanyavyo ndugu zetu Wachaga, nao wakumbuke ni nani atakayemchinja yule mbuzi.)

Umbo nalo lina mambo yake. Siagi huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 32 hivi, na joto hilo twalijua sana wakati wa kaskazi. Maua ya siagi yatakuwa yamelala kabla maarusi hawajatoka kanisani. Sukari iliyopigwa na ute wa yai hustahimili zaidi. Keki ya ghorofa isafirishwe vipande vipande, kila kimoja katika boksi lake, ikapangwe ukumbini. Bahari ya kusi haina heshima na keki iliyosimama.

Nimepata kuona keki ya ghorofa tano, tatu kati yake zikiwa ubao uliopakwa sukari. Picha zilipendeza. Wazazi walilishwa, meza ya mbele ikalishwa, na waliokaa nyuma walipokea sahani tupu. Nilikumbuka maneno ya Mtume kwa Wakorintho. Keki bapa ya sentimeta 30 kwa 45, ikikatwa vipande vya sentimeta 5 kwa 5, hutoa vipande 54. Mbili hutosha watu mia na ziada.

Na kama hizo ni ghali, pikeni keki moja ndogo ya maarusi kulishana na kuwalisha wazazi wa pande zote, na wageni wapewe mkate wa kumimina. Mchele, tui, sukari na iliki, moto chini na makaa juu ya kifuniko: mama zetu wanaujua, nazi zipo, na hakuna jirani atakayeuacha chini ya kiti.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika Luka 14, mjenzi wa mnara aliambiwa aketi na kuhesabu kwanza. Arusi yenu ikiisha, ni deni gani litabaki dukani, na nani atalilipa?

2. Je, wazazi wa pande zote mbili wameulizwa habari ya keki, au wameletewa picha tu?

3. Katika arusi ya mwisho uliyohudhuria, waliokaa nyuma walikula nini?