Kupanga Safari ya Biharamulo hadi Ngara Wakati wa Masika

Wengi wetu hudhani kwamba kupanga safari ni kujua nauli na kujua kilometa. Nami nilidhani hivyo mpaka mwezi wa Aprili mwaka jana, na kosa langu likampata mdogo wangu wa kike, aliye kidato cha pili hapa hapa shuleni.

Kwetu ni kijijini, katika milima iliyo ng'ambo ya mji wa Ngara. Siku ya kufunga shule nilitwaa ramani, nikaipima njia kwa uzi: Biharamulo, Lusahunga, Nyakahura, Kasulo panapoitwa Benaco, kisha Ngara. Nikagawanya kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, nikaona kuwa tukiondoka saa 8 mchana tutafika kabla ya jua kuzama. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, ila haikuwa na mvua ndani yake.

Stendi tulingoja gari lijae. Baada ya Lusahunga mvua ikashika, na katika miteremko malori yaendayo Rwanda na Burundi yalitambaa kama kinyonga. Tulishuka Ngara usiku, tukashika njia ya udongo. Mdogo wangu ana pumu. Baridi ilipomwingia alianza kuhema kwa shida, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa ndani ya sanduku, chini ya turubai, juu ya keria ya gari. Nilifungua kamba gizani kwa meno. Mbele yetu kijito kilikuwa kimefunika kalvati, tukalala garini hadi asubuhi. Baba alikuwa ng'ambo na tochi, usiku kucha. Tulipovuka aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, barabara uliipima, mvua je, uliipima?"

Tangu hapo nimelichunguza jambo hili pamoja na mwalimu wetu wa Jiografia na yule wa Fizikia.

Kwanza, saa. Huku kwetu masika ni Machi hadi Mei, na kwa nilivyoona, mvua kubwa hupenda kuja baada ya adhuhuri. Kwa hiyo yafaa kutoka asubuhi. Lakini asubuhi ipi? Kila nyuzi 1 ya longitudo ni dakika 4 za jua. Ngara iko karibu nyuzi 30 na nusu Mashariki, Dar es Salaam nyuzi 39 na kidogo. Basi jua letu huchelewa dakika 35 hivi nyuma ya lao, ingawa saa zetu za mkononi ni zile zile. Saa 12 kamili asubuhi kwetu bado ni giza, tena ukungu umelala mabondeni. Anayetoka saa 1 na nusu hapotezi kitu.

Pili, mteremko. Gari liendalo kilometa 72 kwa saa hukata meta 20 kila sekunde. Tukichukua msuguano wa 0.7 kwa lami kavu, breki zitalisimamisha kwa meta 29. Lami ikilowa, msuguano ukawa 0.4, ni meta 51. Na kama njia inashuka meta 8 katika kila meta 100, ni meta 64. Ongeza meta 20 za ile sekunde moja ambayo dereva anashtuka kabla ya kukanyaga. Ndiyo sababu dereva mzuri huingiza gia ndogo kileleni, kabla ya kushuka, ili injini ilizuie gari. Akitegemea breki peke yake zitapata moto na kulegea. (Abiria wanaomhimiza dereva aongeze mwendo sijui walisoma wapi.)

Tatu, maji. Kijito cha milimani hujaa upesi na kupungua upesi. Kukingoja mchana si hasara. Kukivuka usiku ni kubahatisha, kwa maana huoni kama udongo uliofunika kalvati bado upo. Baba amepaka chokaa jiwe moja ukingoni. Jiwe likifunikwa, havuki mtu.

Mwaka huu, mwezi ule ule, tulitoka saa 1 na nusu. Nilikuwa nimempelekea baba habari ya saa tutakayotoka na saa ambayo, tusipoonekana, atajua tumelala Ngara kwa shangazi. Dawa ilikuwa mfukoni mwa mdogo wangu, na koti la mvua alilivaa tangu stendi, akachekwa na wenzake. Kabla ya adhuhuri tulifika kijitoni. Jiwe la chokaa halikuonekana. Tuliketi chini ya mgomba tukala mihogo, na baada ya saa moja hivi mdogo wangu akasema, "Kaka, tazama, kichwa chake kimetoka." Tukangoja tena mpaka jiwe zima lilipokuwa nje ya maji, ndipo tukavuka.