SOMO LA AFYA: JOTO LA GHAFLA WAKATI WA KUKOMA HEDHI



Mama wa miaka 49 ameketi kivulini. Mara kifua kinafukuta, joto linapanda shingoni hadi usoni, jasho linamtoka na moyo unamwenda mbio. Baada ya dakika chache anasikia baridi. Wengi wetu husema, "Hiyo malaria," naye humeza dawa bila kupimwa. Yafaa tujifunze jambo hili.

1. Chanzo chake
Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Mama huhesabiwa amekoma apitishapo miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Miaka kadhaa kabla ya hapo, ovari huanza kupunguza homoni iitwayo estrojeni. Katika ubongo iko sehemu inayolinda kadiri ya joto la mwili. Estrojeni ikipungua, sehemu hiyo hushtuka upesi: joto likiongezeka kidogo tu, mishipa ya ngozi hutanuka na jasho hutoka ili mwili upoe. Basi huu si ugonjwa, wala mama hakurogwa. Kila mara huchukua dakika 1 hadi 5 hivi, lakini hali yenyewe yaweza kuendelea kwa miaka mingi.

2. Tusichanganye na magonjwa
Joto hili hupita lenyewe, na kwa kawaida kipimajoto hakionyeshi homa. Lakini homa ya malaria nayo huja na kuondoka. Asiye na hakika apime damu kwanza. Jasho la usiku pamoja na kikohozi cha majuma 2 au kukonda laweza kuwa dalili ya kifua kikuu. Na mama aliyekwisha kukoma akiona damu tena, hata tone, aende hospitali bila kukawia, kwani yaweza kuwa saratani.

3. Msaada wa nyumbani
(a) Avae nguo nyepesi za pamba, na juu yake khanga iliyo rahisi kuvua.
(b) Aangalie kinachomwamshia joto. Kwa wengine ni chai ya moto, pilipili au pombe, akipunguze.
(c) Awe na maji baridi karibu, hata kitandani.
(d) Aliyenenepa mno apunguze uzito, na avutaye sigara aache.

4. Msaada wa hospitali
Dawa za homoni ndizo zenye nguvu zaidi. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uliwatia wengi hofu kwa habari za saratani ya matiti na damu kuganda. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa wengi walio chini ya miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka 10 tangu kukoma, faida huzidi hatari. Lakini aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu amweleze daktari. Kwake ziko dawa zisizo za homoni. Tusiazimane vidonge.

Akina baba, mkeo akifungua dirisha usiku wa manane, usimcheke wala usimnung'unikie. Mwulize anahitaji nini.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini tupime damu kabla ya kumeza dawa ya malaria?
2. Ni dalili zipi zinazomtaka mama aende hospitali upesi?
3. Nyumbani kwetu, nani anaweza kumpunguzia mama kazi za jikoni penye moto?