Kampuni Ikishtakiwa, Nani Anapoteza Ajira?

Mgodi wa Bulyanhulu uko kilomita 150 hivi kusini-magharibi mwa Mwanza, lakini kwa watu wa Pasiansi, jijini humo, haujawahi kuwa mbali. Mshahara wa mgodini umelipa ada za watoto, umefungua maduka na umepandisha nyumba za wapangaji kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Ndiyo maana mwaka 2017, Serikali ilipokabana koo na kampuni ya Acacia, mwenye mgodi huo, habari haikubaki ya magazetini. Ilifika mezani kwa watu.

Mama wa Acacia alikuwa Barrick Gold, kampuni yenye makao yake Toronto, Canada. Miaka miwili baadaye Canada nayo ikaingia katika kashfa yake: kampuni kubwa, mashtaka ya rushwa, hofu ya ajira na uchaguzi uliokuwa mlangoni. Kesi hizo mbili hazifanani, ila maswali yanayozizunguka ni yaleyale. Haya hapa, pamoja na majibu.

Hiyo kashfa ya Canada ilihusu nini?

Ilihusu SNC-Lavalin, kampuni ya uhandisi ya Montreal. Februari 2015 ilishtakiwa kwa madai ya kutoa rushwa ya takriban dola milioni 48 za Canada kwa maofisa wa Libya, enzi za Gaddafi. Mwaka 2018 Bunge likapitisha kifungu kinachoruhusu kampuni kuepuka kesi kwa kufanya makubaliano na waendesha mashtaka: inakubali ilichofanya, inalipa, inajisafisha chini ya uangalizi. SNC-Lavalin ilikuwa imekililia kifungu hicho. Ilipoomba kukitumia, Mkurugenzi wa Mashtaka, Kathleen Roussel, akakataa.

Hapo ndipo ofisi ya Waziri Mkuu Justin Trudeau ilipoanza kumsogelea Mwanasheria Mkuu, Jody Wilson-Raybould, aubadili uamuzi huo. Hoja ilikuwa ajira: kampuni ilikuwa na watu wapatao 9,000 nchini humo. Wilson-Raybould hakubadili kitu. Januari 2019 akahamishiwa wizara nyingine, Februari gazeti la The Globe and Mail likaianika habari, naye akajiuzulu. Agosti mwaka huo Kamishna wa Maadili, Mario Dion, alihitimisha kwamba Trudeau alivunja sheria ya mgongano wa masilahi. Trudeau alisema hawezi kuomba radhi kwa kutetea ajira za wananchi wake.

Jambo moja husahaulika. Sheria yenyewe ya Canada inasema wazi kwamba katika kesi za rushwa ya nje ya nchi, masilahi ya uchumi wa taifa hayaruhusiwi kuwa sababu ya kutoa makubaliano hayo. Kwa hiyo ajira, hata zingekuwa 90,000, hazikupaswa kufika kwenye mizani.

Sisi huku makubaliano ya namna hiyo yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kuliko wengi wanavyodhani. Uingereza ilipotumia utaratibu huo kwa mara ya kwanza katika historia yake, tarehe 30 Novemba 2015, kesi ilikuwa ya fedha za Tanzania.

Serikali ya Tanzania ilikuwa imekopa dola milioni 600 kupitia Standard Bank ya London na ndugu yake, Stanbic Tanzania. Katika mkopo huo kampuni moja ya hapa nchini, EGMA, ililipwa dola milioni 6, asilimia moja ya mkopo wote, bila kuonekana kazi iliyofanya. Mwenyekiti wake alikuwa Harry Kitilya, ambaye wakati huo alikuwa pia Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA). Benki haikushtakiwa kwa kutoa rushwa, ilishtakiwa kwa kushindwa kuizuia. Ilikubali kulipa faini ya dola milioni 16.8, kurudisha faida ya dola milioni 8.4, na kuifidia Tanzania zile dola milioni 6 pamoja na riba.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi ya fedha ni utaratibu. Jaji Brian Leveson aliyapitia makubaliano, akayahoji, kisha akatoa uamuzi wa maandishi ambao hata mtu wa Kirumba, Mwanza, anaweza kuusoma leo. Huku nyumbani, Kitilya na wenzake wanne walishtakiwa, wakakaa miaka mahabusu, na mwaka 2020 wakaachiwa baada ya kufikia makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) ya kulipa shilingi bilioni 1.5.

Acacia je? Ilishtakiwa au ilidaiwa kodi tu?

Vyote viwili, na hapo pana simulizi ndefu.

Machi 2017 Rais John Magufuli alipiga marufuku kusafirisha makinikia, ule mchanga wenye dhahabu na shaba uliokuwa ukipelekwa nje kuyeyushwa. Makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatoa ripoti Mei 24, na siku hiyohiyo Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, akapoteza kazi. Juni 12 kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ikasema Acacia haikuwa hata na usajili halali wa kufanya biashara nchini. Acacia ilikana yote. Julai ikaletewa ankara ya kodi ya dola bilioni 190: bilioni 40 za kodi, na 150 za adhabu na riba.

Kiasi hicho kilizidi mara tatu pato la taifa zima la mwaka. Watu walishangilia, wengine wakagawana hesabu kwamba kila Mtanzania atapata gari. Waliohoji, akiwamo Tundu Lissu, ambaye miaka mingi nyuma aliwatetea wachimbaji wadogo walioondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, walionekana wasaliti.

Kisha upepo ukageuka. Oktoba 2017 Barrick ilikubali kutoa dola milioni 300, zile zilizobatizwa kishika uchumba, na kugawana faida za kiuchumi nusu kwa nusu na Serikali. Oktoba 2018 kampuni tanzu za Acacia na baadhi ya maofisa wake wakafikishwa Mahakama ya Kisutu kwa makosa yakiwamo ya utakatishaji fedha, ambayo hayana dhamana. Yaani mezani mazungumzo yanaendelea, na watu wako ndani. Septemba 2019 Barrick ikainunua Acacia yote na kulifuta jina hilo. Januari 24, 2020 mikataba ikasainiwa, ikazaliwa Twiga Minerals: Barrick asilimia 84, Serikali 16.

Ukipiga hesabu, kwa kila dola 100 zilizodaiwa zilikubaliwa senti 16. Ama ankara ya kwanza ilikuwa ya kutisha tu, ama ya mwisho ilikuwa ya kuonea huruma. Mwananchi hana namna ya kujua ni ipi, kwa sababu mzozo ule haukuamuliwa na jaji yeyote. Serikali inastahili sifa kwa kuipata ile hisa ya asilimia 16 na mrabaha wa asilimia 6 badala ya 4 uliokuwapo. Haistahili sifa kwa namna ilivyofika huko.

Na wafanyakazi?

Septemba 2017 Acacia ilitangaza kupunguza shughuli za Bulyanhulu. Takriban watu 2,000 waliguswa, waajiriwa pamoja na wa makandarasi. Uchimbaji wa chini ya ardhi ulisimama, ukarudi mwishoni mwa 2020. Ni miaka mitatu. Fundi aliyezoea kutuma fedha nyumbani kila mwezi hasubiri Twiga izaliwe, anakwenda Geita, anarudi shambani au ananunua bodaboda kwa mkopo.

Hapa ndipo hoja ya ajira inapopaswa kutazamwa kwa jicho kali. Canada ajira zilitumika kuiombea kampuni nafuu, na hapa kampuni ilipunguza watu huku ikilalamikia marufuku. Pande zote mbili mfanyakazi alitajwa sana, lakini hakuna mahali alipopewa kiti mezani. Tena baadaye mkuu wa SNC-Lavalin, Neil Bruce, alisema hakuwahi kuitumia ile namba ya 9,000 kama tishio.

Lakini si tuna sheria yetu ya kukiri na kulipa?

Tunayo tangu 2019. Septemba mwaka huo Rais Magufuli aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku saba watubu na kurudisha fedha. Muda ulipoisha, DPP Biswalo Mganga aliripoti watuhumiwa 467 waliokuwa tayari kurejesha shilingi bilioni 107.8.

Tatizo lake si wazo la kukiri. Mtu aliyenyimwa dhamana, ambaye upelelezi wake haukamiliki mwaka hadi mwaka, anakubali chochote ili akalale kwake. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alihoji hadharani fedha hizo zilikoishia, akitaja akaunti iliyoko China, huku Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ikianza kazi.

Je, wapiga kura huadhibu?

Mara chache, na si wale unaowatarajia. Mtu wa Kanda ya Ziwa hahitaji mfano wa mbali. Mwaka 2008 Andrew Chenge, Mwanasheria Mkuu wa zamani, alijiuzulu uwaziri baada ya wapelelezi wa Uingereza waliokuwa wakiichunguza kampuni ya silaha ya BAE na rada ya pauni milioni 28 iliyoiuzia Tanzania kukuta dola milioni moja katika akaunti yake ya nje. Aliziita vijisenti. Alikana kosa, wala hakufunguliwa mashtaka ya rada. Bariadi ilimrudisha bungeni 2010, na tena 2015 baada ya kutajwa katika sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. BAE yenyewe ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu, na pauni milioni 29.5 zikaja Tanzania kununua vitabu na madawati.

Wapiga kura wa Bariadi si wajinga. Wanapima barabara, maji na nani anawafahamu kwa jina. Canada walifanya hesabu inayofanana: Oktoba 2019 chama cha Trudeau kilipoteza wingi wa viti lakini kikabaki madarakani kwa viti 157 kati ya 338. Wilson-Raybould, aliyefukuzwa chamani, alishinda Vancouver Granville akiwa mgombea binafsi, jambo ambalo kwetu sheria hairuhusu. Mwenzake Jane Philpott, aliyejiuzulu kumuunga mkono, alishindwa.

Ajira 9,000 ziliponea wapi?

Desemba 2019 tawi la ujenzi la SNC-Lavalin lilikiri udanganyifu mahakamani na kutozwa dola milioni 280 za Canada. Kampuni haikufa. Leo inaitwa AtkinsRéalis.

Basi mtu wa Pasiansi aulize nini, na amuulize nani?

Amuulize mbunge wake. Sheria ya mwaka 2017 inalipa Bunge mamlaka ya kupitia mikataba ya maliasili, na sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji ya mwaka 2015 inataka mikataba hiyo iwekwe hadharani. TEITI, taasisi ya uwazi katika tasnia hiyo, hutoa ripoti zinazolinganisha kilicholipwa na kampuni za madini na kilichopokelewa na Serikali. Mgombea atakayesimama jukwaani akijinasibu na Twiga aulizwe maswali mawili: ile asilimia 16 imeleta gawio kiasi gani mwaka uliopita, na katika makubaliano yajayo mfanyakazi aliyepunguzwa atalipwa na nani. Akijibu kwa namba, apewe kura. Akijibu kwa wimbo, anyimwe.