Haki ya Mtoto Wakati wa Likizo

Ndugu Waislamu, skuli zifungwapo mwezi wa Agosti, wazazi wengi hapa Kariobangi hulalamika ya kuwa hawana fedha za kuwatembeza watoto wao. Udhuru huu hauna nguvu. Mtoto anamtaka baba, naye baba anatafuta nauli!

Imepokewa na Abu Daud ya kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) safarini, Bibi Aisha akashinda; kisha baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda, akamwambia kuwa hiyo ni badala ya ile. Na katika Bukhari mna habari ya mtoto mdogo, Abu Umayr, ambaye Mtume alikuwa akimtania kwa kumuuliza habari za ndege wake. Haya yaligharimu nini? Wako wapi wasemao ya kwamba kucheza na watoto huondoa haiba ya mzazi? Nami nilikuwa miongoni mwao.

Basi Jumamosi, baada ya Alfajiri, tokeni kwa miguu, mfuate Barabara ya Juja, mpite Huruma na Eastleigh, hata Msikiti wa Jamia. Waonyesheni watoto zile kuba tatu na minara miwili. Waambieni kuwa ujenzi wake ulianza 1925 ukamalizika 1933. Mkirudi, mpitieni jamaa aliye mgonjwa.

Na binti je? Aliyeshindana mbio na Mtume alikuwa mwanamke. Mchukueni naye, vyombo vitaoshwa na kaka zake mkirudi.