Filamu ndefu, diski moja: jinsi ya kulinganisha filta kabla ya kubana video

Video ya harusi huku Mara haina haraka. Inaanza na send-off, inapita kanisani, inashuka ufukweni kwa ajili ya picha, inaingia ukumbini, na zawadi zinatolewa mpaka mshereheshaji anakaukiwa sauti. Fundi wa studio pale Mwisenge akimaliza kuhariri anabaki na saa 3, saa 4, hata saa 6 za picha, na mama wa bibi harusi anataka DVD moja tu ya kuweka kwenye deki. Wateja wengine wanakuja na kanda za VHS: ubarikio wa miaka ya 1990, ngoma ya litungu iliyorekodiwa Tarime, au matangazo ya televisheni ya mazishi ya Mwalimu Nyerere kule Butiama, tarehe 23 Oktoba 1999. Kanda ya aina hiyo ina zaidi ya robo karne, na chenga, zile nukta zinazorukaruka kwenye picha, zimeshaota humo.

Fundi anapoona video haienei kwenye diski, mkono unakwenda kwenye filta ya kuondoa chenga. Wengi huchagua iliyo kali kuliko zote, wanachoma, wanakabidhi. Mteja akifika nyumbani anakuta nyuso laini kama za sanamu ya nta na kitenge kilichopoteza maua. Kosa hilo linazuilika kwa jaribio la saa moja au mbili kabla ya kazi yenyewe, na jaribio lenyewe halihitaji mashine ya bei kubwa. Kinachohitajika ni utaratibu.

Anza na hesabu, maana hapo ndipo utajua kama filta inahitajika au la. DVD ya kawaida ya tabaka moja inabeba baiti bilioni 4.7. Kompyuta itaandika kama 4.38, kwa sababu inahesabu gigabaiti kwa njia yake; muuza diski hajakuibia. Acha asilimia 5 pembeni kwa ajili ya menyu na nafasi ya usalama. Diski huandikwa kutoka katikati kwenda nje, na zile za bei rahisi hupenda kukwama karibu na ukingo, kwa hiyo kuijaza mpaka mwisho ni kujitafutia malalamiko. Inayobaki, ukiigeuza kutoka baiti kuwa biti, ni takriban kilobiti milioni 35.7. Gawanya kwa idadi ya sekunde za video, kisha toa kilobiti 192 za sauti. Video ya saa 2 inapata karibu kilobiti 4,770 kwa sekunde, na hapo unapumua. Saa 3 inapata 3,115. Filamu yenye urefu wa Lagaan ya mwaka 2001, ambayo ni dakika 224, inapata kama 2,460. Saa 6 inaambulia 1,460.

DVD inatumia mfumo wa MPEG-2, na katika ukubwa kamili wa PAL, yaani 720 kwa 576, mimi huanza kuwa na wasiwasi nikishuka chini ya 3,000. Chini ya 2,500 viraka vya mraba huonekana kila watu wanapoanza kucheza. Kwa saa 6 kuna njia halali ya kupunguza upana wa picha mpaka 352 kwa 576, ukubwa ambao kanuni za DVD zinauruhusu na deki zinausoma. Kanda ya VHS haina undani wa kujaza zaidi ya hapo hata hivyo, kwa hiyo kwake ukubwa huo si hasara kubwa. Harusi iliyopigwa kwa kamera ya kisasa ni jambo jingine: mshauri mteja achukue diski mbili, na mwambie mapema, kabla hajalipa. Hakuna filta itakayogeuza 1,460 kuwa 3,000.

Sasa filta zenyewe. Ili kuzilinganisha vizuri lazima ujue zinamsaidiaje anayebana. Programu ya kubana haihifadhi kila picha nzima. Kwenye DVD ya PAL inaweka picha kamili angalau mara moja katika kila picha 15, na zinazofuata inaandika mabadiliko tu: mkono umesogea hapa, shela limepepea pale, ukuta umebaki vilevile. Chenga zinaharibu mpango huo. Kila picha ina chenga zake, hazifanani na za picha iliyotangulia, na programu inadhani ukuta mzima umetikisika. Inatumia biti nyingi kuhifadhi uchafu, na uso wa bwana harusi unabaki na makombo. Maji ya ziwa yanayometameta saa kumi jioni yanafanya vivyo hivyo, ila hayo ni picha halisi na hutaki kuyafuta. Ugumu wote uko hapo: filta haijui kutofautisha chenga na mawimbi madogo ya Ziwa Viktoria, na wewe ndiye unayeipimia nguvu.

Filta ya kuondoa chenga hufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza inalainisha ndani ya picha moja, ikichanganya nukta na jirani zake; ikizidi, nguo inapoteza ufumaji na nywele zinakuwa kofia. Ya pili inalinganisha picha na iliyotangulia. Ikizidi, mkono unaopunga unaacha mkia nyuma yake. Katika FFmpeg, programu ya bure, filta iitwayo hqdn3d ina namba nne, na usipoziweka mwenyewe inatumia 4, 3, 6 na 4.5. Ya kwanza ni ya mwanga ndani ya picha, ya pili ni ya rangi ndani ya picha, ya tatu ni ya mwanga kati ya picha na picha, ya nne ni ya rangi kati ya picha na picha. Jicho la mtu huona upungufu wa mwanga haraka kuliko upungufu wa rangi, kwa hiyo kwenye kanda za VHS, ambazo chenga zake nyingi ni za rangi nyekundu na buluu zinazotambaa, unaweza kukaza namba za rangi na kulegeza za mwanga. HandBrake, programu nyingine ya kubana, nayo ina filta ya NLMeans, ambayo inatafuta sehemu zinazofanana katika picha kabla ya kulainisha. Matokeo yake mara nyingi ni mazuri zaidi, lakini kwenye kompyuta ya zamani utalala na kuamka haijamaliza. Kumbuka pia kwamba HandBrake haitengenezi DVD ya kuchezwa na deki. Inatoa MP4 na jamii yake. Kwa diski ya deki bana kwa FFmpeg ukitaka, kisha jenga DVD yenyewe kwa programu ya DVDStyler.

Kosa la kwanza katika kulinganisha ni kubana video yote kwa kila filta na kutazama ukubwa wa faili. Ukiwa umeshaiambia programu itumie kilobiti 2,460, faili zote zitatoka na ukubwa uleule, na utasema filta haifanyi kitu. Inafanya, lakini biti ilizookoa zimehamia kwenye sehemu nyingine za picha. Kwa hiyo jaribio lina hatua mbili tofauti.

Hatua ya kwanza ni kupima uzito. Iambie programu ibane kwa ubora usiobadilika, na uache ukubwa wa faili uamuliwe na picha. Usitumie video nzima. Kata sekunde 15 katika kila dakika 5, kisha unganisha. Hiyo ni asilimia 5 ya kazi yote, na kwa video ya saa 6 ni vipande 72 vyenye jumla ya dakika 18. Bana sampuli hiyo bila filta, kisha na filta nyepesi, ya kati, na kali. Usibadilishe kitu kingine chochote: ukigusa filta na ubora kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia. Tuseme bila filta umepata megabaiti 200, nyepesi ikatoa 160, ya kati 152, kali 147. Soma namba hizo vizuri. Filta nyepesi imeokoa 40. Kutoka nyepesi kwenda ya kati umeokoa 8 tu, na kutoka hapo kwenda kali 5. Sehemu kubwa ya chenga imeondoka mwanzoni. Kinachoondoka baadaye ni nyuso za watu. Simama pale akiba inapoanza kuwa ndogo. Nimetoa namba hizo kwa mfano tu, zako zitatofautiana kulingana na kamera na mwanga wa ukumbi.

Zidisha ukubwa wa sampuli mara 20 upate makadirio ya video nzima kwa ubora huo. Yakikaribia nafasi ya diski, uko salama. Yakiwa mara mbili yake, rudi kwenye ushauri wa diski mbili au upana mdogo.

Hatua ya pili ni macho. Chagua mipangilio miwili tu iliyobaki na ubane vipande vigumu kwa kasi ya biti utakayotumia kweli, kwa mizunguko miwili: wa kwanza programu inasoma, wa pili inaandika. Vipande vigumu vinajulikana. Kimoja cha ukumbini usiku taa za muziki zikizunguka. Kimoja cha ufukweni. Kimoja cha ngoma, watu wakiruka. Kimoja cha uso wa karibu pamoja na kitenge au shela. Na kimoja cha kundi la watu chini ya miti yenye majani yanayotikisika. Kama sherehe ilifanyika kwenye viwanja vya Shule ya Msingi Mwisenge, pale Mwalimu Nyerere alipoanzia masomo mwaka 1934, usikose kuchukua na kipande cha hapo, maana ndicho wenyeji watakachokitazama kwa makini. Fahamu kwamba vipande hivyo peke yake vitaonekana vibaya kidogo kuliko vitakavyokuwa ndani ya video nzima, kwa sababu humo vitaazima biti kutoka kwenye hotuba ndefu ambapo hakuna anayesogea.

Mwombe mwenzako azipe faili majina A na B bila kukuambia ipi ni ipi. Tazama kwenye televisheni ya kawaida kwa kutumia deki, ukiwa umekaa umbali wa kochi. Kioo cha laptop ukikikaribia kwa pua kitakuonyesha kasoro ambazo mteja hatazigundua, na kitakuficha zile za sehemu nyeusi, ambazo televisheni iliyoongezwa mwanga itazitoa hadharani. Angalia mashavu, angalia mkia wa mikono, angalia mabaka kwenye moshi na anga. Usisimamishe picha. Video ni mwendo, na mengi yanayoonekana mabaya ikiwa imesimama hupita bila kuonekana ikichezwa.

Utakutana na watu wanaosifia vipimo vya namba kama PSNR, SSIM na VMAF ya Netflix. Ni vipimo vizuri kwa kulinganisha programu za kubana. Kwa kulinganisha filta za chenga vinapotosha, maana vinapima tofauti kati ya faili yako na ya asili, na asili ndiyo yenye chenga. Filta iliyosafisha vizuri itapata alama mbaya kwa sababu imesafisha.

Mpangilio wa filta una maana pia. Picha za VHS na kamera za zamani huja na mistari ya kupishana, shufwa kwa wakati mmoja na witiri kwa wakati unaofuata. DVD inaipokea hali hiyo, kwa hiyo kwa diski ya deki iache ilivyo. Itengue tu kama unatoa MP4 kwa ajili ya simu au flashi. Lakini usiipitishe kwenye filta ya chenga ikiwa bado imechanganyika, la sivyo utachanganya nyakati mbili na kupata mistari kama meno ya kitana. Tenganisha mistari, safisha, kisha irudishe. Chini ya picha ya VHS kuna utepe wa mistari inayorukaruka ambao televisheni za zamani ziliuficha; ufunike kwa rangi nyeusi, kwani weusi mtupu haugharimu karibu chochote. Safisha kabla ya kupunguza ukubwa wa picha. Filta ya kukoleza makali iache kabisa: inakoleza na chenga, na unarudi ulikotoka. Vipande vilivyotumwa kwa WhatsApp vina viraka, si chenga, na dawa yake ni filta ya kulainisha viraka.

Umeme ukikatika katikati ya kazi ya saa nane unaanza upya, basi gawa video katika sehemu za nusu saa na uziunganishe mwishoni.

Haya yote ni kwa kazi yako au ya mteja aliyekupa kanda yake. Filamu ya mtu mwingine, ya Bongo au ya Mumbai, kuirudufu na kuiuza bila ruhusa kunakatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, na hilo halibadiliki hata ukiwa umeondoa chenga zake zote.

Faili ghafi ulizonasa kutoka kwenye kanda au kamera zitunze kwenye hard disk bila filta yoyote, na usizifute mpaka mteja ametazama diski yote, mwanzo hadi mwisho, kwenye deki yake mwenyewe.